Siku moja maishani mwangu: fundi wa maabara na trei za vyura

Saa moja asubuhi nafungua maabara ya baiolojia na madirisha yote, maana formalini, dawa ya kuhifadhia vyura waliokufa, ikikukuta pamefungwa, macho yanawaka. Vyura wamelala kwenye maji tangu jana ili dawa iwatoke. Nawasuuza, nawalaza chali kwenye trei za nta, napanga mikasi, koleo na pini. Watu hudhani kazi yangu ni kuosha chupa tu.

Saa tatu wanafunzi wanaingia wameziba pua.

Saa nne haijafika, kijana mmoja anapaza sauti: "Fundi, nibadilishie huyu, mbovu! Hana mbavu." Namwambia karibu vyura wote hawana mbavu. Hataki kusikia. "Sasa anapumuaje?" Swali zuri, ingawa kauliza kwa hasira. Nampeleka kwenye tangi la vyura hai. Tazama koo, linavyopanda na kushuka. Chura hana kiwambo kama chetu, ule msuli chini ya mapafu unaovuta pumzi. Huvuta hewa puani ijae mdomoni, hufunga pua, kisha huinua sakafu ya mdomo na kuisukuma hewa mapafuni. Ngozi yake nayo, ikiwa na unyevu, hupitisha oksijeni.

Anarudi mezani. Muda si mrefu: "Fundi! Moyo una vyumba vitatu tu!" Ndivyo ulivyo, atiria mbili za kupokea damu na ventrikali moja ya kuisukuma. Bado anataka mwingine. Nainama kutazama trei yake: amekata katikati ya tumbo kabisa, na vena, mshipa mkubwa wa damu unaopita hapo, imekatika, damu iliyoganda imefunika kila kitu. Nilishasema asubuhi mpasue pembeni kidogo ya mstari wa katikati. Nasafisha kwa pamba, polepole, huku meza nyingine zinaniita na mgongo unauma.

Sijui ilikuwa saa ngapi binti mmoja mpole aliponivuta. Amemfungua chura mdomo na kuuvuta ulimi: umeshikana mbele, si nyuma. Nikamwonyesha abonyeze jicho, dari ya mdomo ikatuna. Chura anapomeza, macho huzama na kusaidia kusukuma mlo kooni. Alibonyeza tena na tena.

Mchana ule sikula. Jioni, kati ya trei chafu, nikakuta chura wa binti yule: ini limeinuliwa bila mkwaruzo, mafuta ya manjano yamechanua kama vidole juu ya figo, pini zote mahali pake. Huyo sikumtupa. Nimemtia chupani na lebo, darasa la kesho lianze naye.