Kikomo cha hasara nilichokihamishia nyumbani

Natredi dhahabu, yaani nainunua na kuiuza mtandaoni kwa kufuata bei inavyosogea, kwa akaunti ndogo. Mtu akiniuliza imenisaidia nini zaidi ya pesa, namjibu kwamba imenifundisha kumkopesha shemeji yangu. Huwa wanacheka.

Kabla ya kuingia sokoni, swali la kwanza ni moja tu: mambo yakigeuka, niko tayari kupoteza kiasi gani? Utapata ngapi ni swali la baadaye. Kwenye akaunti ya dola 500 mimi huhatarisha asilimia 1, yaani dola 5. Ukubwa wa oda hupimwa kwa loti, na loti 0.01 ya dhahabu ni wakia moja, kwa hiyo bei ikisogea dola 1, nami nimepata au nimepoteza dola 1. Basi naweka kikomo dola 5 chini ya bei niliyonunulia, kisha siigusi tena. Bei ikifika hapo oda inajifunga yenyewe.

Ugumu uko kwenye kurudisha. Ukipoteza asilimia 10 ya akaunti, unahitaji faida ya kama asilimia 11 urudi ulipokuwa. Ukipoteza nusu, unahitaji asilimia 100. Wengi wanaounguza akaunti hawaangushwi na hasara ya kwanza, bali na loti kubwa wanayoiongeza ili wairudishe upesi.

Sasa shemeji, kaka yake mke wangu, ana bajaji. Akapiga simu: "Shem, nishike mkono laki tatu, injini imekufa. Jumamosi nakurudishia." Pesa za ndugu kiwango chake hupangwa na muombaji, na hupanda kadiri sauti inavyolegea. Deni la kwanza lisiporudi, unaombwa la pili ili apate kulipa la kwanza. Hapo mtredi yeyote anajua kinachofuata.

Nikakaa na mke wangu, tukafungua ukurasa wa nyuma wa daftari ninaloandikia oda zangu. Tukapanga kiasi cha kila mwezi ambacho hata kisiporudi, kodi na ada hazitikisiki. Ndugu akiomba ndani ya kiasi hicho anapewa bila mahojiano, na sisi tunakihesabu kimekwenda. Kikiisha, jibu ni mwezi ujao. Mke wangu akaongeza sharti ambalo nisingelifikiria: wa upande wake atajibiwa na yeye, wa upande wangu nitamjibu mimi. Hakuna atakayesema mke wa fulani ndiye kashika pochi.

Wapo wanaochukua somo hili mbali zaidi. Mtu akikuangusha, wanasema, kata hasara, songa mbele. Mimi sikubaliani nao. Dhahabu nikiifunga usiku, asubuhi hainidai neno. Shemeji nitakutana naye msibani, tutabeba jeneza pamoja. Kikomo ninachoweka ni cha mfuko wangu, si cha undugu.

Tena hata sokoni kikomo hakishiki kila siku. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa yuro moja. Bei iliruka vikomo vya watu kana kwamba havipo, na wapo waliojikuta wanadaiwa na broka, kampuni inayowashikia akaunti, zaidi ya walichoweka. Kwenye familia, ugonjwa ndio siku ya namna hiyo. Kwa hiyo hospitali tuliiacha nje ya hesabu ya daftari, ina akiba yake na haiguswi kwa injini ya bajaji.

Shemeji nilimwambia, "Ongea na dada yako." Akapewa laki moja, si tatu. Alinung'unika, kisha akaelewana na fundi amalizie kwa mafungu. Miezi ilipita, akarudisha elfu sitini. Daftarini lile deni lilikuwa sifuri zamani, kwa hiyo tuliziandika kama faida, na mke wangu akazinunulia mchele siku hiyo hiyo, kabla sijapata wazo la kuziongeza kwenye akaunti.