Ukinipigia usiku, sema kwanza umebeba nini

Kazi yangu ni winchi. Naishi Ilula, na malori ninayoyavuta mengi hukwama mlima Kitonga, ukishatoka Ruaha Mbuyuni. Simu yangu haizimwi, usiku wala sikukuu.

"Shikamoo mzee, gari limenifia mlimani."

"Marahaba kijana wangu. Umebeba nini?"

"Mzigo wa kawaida tu."

Mzigo wa kawaida haupo. Barabara hii ndiyo ya Tunduma, Zambia na Kongo. Shaba inayoshuka bandarini ukiiangalia, ungedhani tela ni tupu, kumbe tani zote zimelala pale chini. Nikija na waya mwembamba ukakatika, unamrudia utingo aliyesimama karibu. Salfa inayokwenda migodini Kongo inashika moto kwa cheche, kwa hiyo mitungi ya kukatia vyuma naiacha nyumbani. Mafuta ndiyo yananinyima raha kabisa. Pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota na madumu, wakafa zaidi ya 100. Mimi sigusi tanki lililolala mpaka polisi wawaondoe watu wote, foleni ifike itakapofika.

Najua kwa nini mnaficha. Mzigo mzito bei inapanda, na tajiri amekuagiza useme ni mwepesi. Bei tutaongea, hata akilipa kesho.

Kuvuta kwenyewe hakuendi haraka. Lori likiishiwa upepo wa breki, breki zinajifunga. Lazima niweke magogo nyuma ya tairi kwanza, maana nikishaingia uvunguni na kufungua busta, yale makopo yanayobana breki, moja moja kwa spana, hakuna kitu kingine kinacholishika gari mlimani. Halafu natoa propela, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini tairi za nyuma, kwa sababu injini ikiwa imezima giaboksi haipati oili, itaungua njiani. Wakati huo tajiri anapiga simu kutoka Dar kuuliza mbona bado. Mwambieni asubiri, tafadhali. Chini ya lori nipo mimi na kijana wangu.

Basi chukua karatasi za mzigo, nisomee tani. Niambie tela limelalia ukutani au korongoni. Matawi yaweke mbali, kabla ya kona, anayeshuka ayaone mapema. Na tukimaliza, yale mawe mliyozuilia tairi yatoeni barabarani, pikipiki zinapita hapo alfajiri na matenga ya nyanya.