Siku ya kurudisha fomu

Ukitaka kuelewa kwa nini siasa za miji midogo ya Ufilipino huua watu, usianze na siku ya kupiga kura. Anza na siku ya kurudisha fomu. Mpinzani akizuiwa njiani, hakuna kura za kununua wala za kuiba: mwenye kiti anapita bila kupingwa.

Tarehe 23 Novemba 2009, mkoani Maguindanao, msafara ulitoka Buluan kwenda Shariff Aguak kupeleka fomu ya Esmael Mangudadatu aliyetaka ugavana. Kiti hicho kilikuwa cha Andal Ampatuan mzee, na ukoo wake ulishamwandaa mwanawe mwenye jina hilo hilo, aliyekuwa meya wa Datu Unsay. Mangudadatu alimtuma mkewe, Genalin, pamoja na ndugu wa kike, mawakili na waandishi wa habari, akiamini kwamba wanawake na waandishi hawataguswa. Watu wenye silaha wa ukoo wa Ampatuan waliwaua watu 58, 32 kati yao wakiwa wa vyombo vya habari. Baadhi ya waliouawa walikuwa wapita njia tu. Mashine iliyochimba mashimo ya kuwafukia ilikuwa mali ya serikali ya mkoa, na ilikuwa imeandikwa hivyo ubavuni.

Mashine hiyo inaeleza mengi. Ukoo hauhitaji jeshi lake wenyewe ikiwa ofisi inaleta vifaa, mishahara na bunduki. Kisheria, meya ndiye anayemchagua mkuu wa polisi wa mji kutoka orodha ya majina 5 anayoletewa na mkuu wa polisi wa mkoa, na ndiye anayesimamia kazi za kila siku za polisi hao. Mwaka 2006 amri ya rais namba 546 iliruhusu viongozi wa mitaa kutumia askari wa kujitolea kuwasaidia polisi. Walinzi wa ukoo wakapata sare. Tume ya uchaguzi hupiga marufuku kubeba silaha msimu wa kampeni, lakini wa kusimamia marufuku hiyo mjini ni polisi wale wale.

Halafu kuna fedha. Serikali za mitaa hupata asilimia 40 ya kodi za taifa, na asilimia 34 ya fungu hilo huenda kwa miji midogo. Kwenye mji maskini usio na kiwanda, hiyo ndiyo ajira, ndiyo kandarasi, ndiyo barabara. Kupoteza kiti ni familia nzima, na wote wanaoitegemea, kukosa riziki kwa siku moja.

Ukomo wa madaraka ulikusudiwa kuvunja mnyororo huu. Meya anaongoza miaka 3, mara 3 mfululizo, kisha anaachia. Lakini Katiba ya 1987, Ibara ya II, kifungu cha 26, inakataza nasaba za kisiasa "kama sheria itakavyofafanua", na Bunge linalopaswa kuitunga sheria hiyo limejaa watu wa nasaba hizo. Marufuku ya ndugu iliyopita mwaka 2016 inahusu mabaraza ya vijana tu. Kwa hiyo baba akiachia, anaingia mama, kisha mtoto, na ukoo uliokuwa na mtu mmoja madarakani sasa una watano. Naona hili ni kosa kubwa: ukomo bila sheria ya nasaba unauzidisha ukoo.

Damu ikishamwagika, kisasi cha koo, ambacho huko kusini mwa Ufilipino huitwa rido, hakisubiri uchaguzi mwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulihesabu visa 1,266 tangu miaka ya 1930 hadi 2005, na vifo zaidi ya 5,500. Ugomvi wa ardhi na wa siasa ndio uliotajwa zaidi. Mahakama huenda taratibu mno. Hukumu ya mauaji ya Maguindanao ilitoka tarehe 19 Desemba 2019, miaka 10 baadaye, kwa makosa 57 ya mauaji badala ya 58, kwa sababu mwili wa mpiga picha mmoja haukupatikana.

Mangudadatu aliupata ugavana mwaka 2010. Miaka 9 ilipotimia, mwaka 2019, waliokabana kukigombea kiti hicho walikuwa ndugu yake na mke wa binamu yake, wote wawili wakiitwa Mangudadatu.