Nilivyookoa kibanda changu cha chipsi kwa kuhesabu maganda ya mayai

Naandika hili nikiwa na hasira kidogo. Kijana mmoja anayeuza juisi jirani yangu amelipa hela nzuri tu kuingia semina ya ujasiriamali, katoka huko na daftari limejaa "amka saa kumi alfajiri", "ione ndoto yako", "usikate tamaa". Nikamuuliza: walikufundisha glasi moja ya juisi inakugharimu shilingi ngapi? Kimya.

Mimi nina kibanda cha chipsi Mbagala, Dar es Salaam. Kuamka saa kumi sihitaji semina, viazi havijimenyi. Morali yangu ilikuwa inakwisha kwa jambo jingine kabisa: foleni ipo, karai halipoi mpaka usiku wa manane, halafu asubuhi nikienda soko la Mabibo kununua viazi, hela haitoshi. Mtu akichoka huku mfukoni kuna kitu, atalala na ataamka. Akichoka mikono mitupu anaanza kumfokea mteja aliyeomba aongezewe kachumbari.

Mwaka 2022 ulinikaba zaidi. Vita vya Ukraine vikapandisha mafuta ya kula, mwishoni mwa Aprili Indonesia nayo ikazuia mawese yake kutoka nje kwa wiki kadhaa, na ndoo ya lita 20 tunayokaangia wengi wetu ni mawese hayohayo. Ilifika mahali naogopa kuuliza bei. Washauri wa kijiweni hawakukosekana. Mmoja akasema punguza viazi kwenye sahani. Nikapunguza, mteja wa chipsi ana macho makali kuliko mzani, wiki haikuisha wakahamia kwa jamaa wa kona. Mwingine akasema chukua kausha damu, ule mkopo wa mtaani wa riba kali, uzungushe. Laki tatu, unarudisha elfu kumi na tatu kila siku kwa mwezi mzima, mvua inyeshe isinyeshe. Piga hesabu mwenyewe. Mama mmoja wa mishikaki aliichukua, wakopeshaji wakambebea friji mchana kweupe, na mishikaki ikiwa ndani.

Kibubu cha nyumbani nacho nilijaribu. Ndani ya muda mfupi nikawa bingwa wa kutoa noti: kisu cha mezani, ncha yake unaibandika bigijii iliyotafunwa, unaipitisha taratibu kwenye tundu, noti inanasa. Elfu kumi ndiyo ilikuwa rahisi kuliko zote. Siku hizi kibubu kinakaa kwa fundi seremala wa jirani, kimepigiliwa misumari. Nikitaka kukivunja lazima nimweleze kwa nini, na jamaa yule ana mdomo, mtaa mzima utajua kabla ya magharibi.

Sasa maganda. Zege yangu, yaani chipsi mayai, ni mayai mawili, hakuna mjadala. Nikamwambia kijana wangu wa karai: maganda yote ya mayai yaende kwenye ndoo nyeupe, usichanganye na ya viazi. Na hela ya zege ikae kopo lake peke yake. Akaniangalia kama nimepandwa na mashetani. Usiku tukifunga nakaa juu ya kreti ya soda, simu nimeiuma mdomoni inanimulikia, nayapanga maganda kwenye trei tupu, nusu juu ya nusu, kila yai kwenye shimo lake. Trei mbili zikijaa ni mayai 60, yaani zege 30. Kwa elfu tatu tatu, kopo linatakiwa liwe na elfu tisini. Nikamwaga kopo: sabini na mbili.

Zege sita hazijulikani zilipo! Kila usiku hadithi ni ileile au karibu na hapo, na kwa mwezi hiyo inavuka laki tano. Kijana alikuwa msafi. Zilikuwa zege za "nitakutumia kwenye simu": mtoto wa mwenye eneo, bodaboda wawili wa kijiweni, na shemeji yangu, ambaye akishakula anasema "andika" huku akijua sina kalamu.

Sikugombana na mtu. Niliandika lipa namba kwa herufi kubwa kwenye kioo cha kabati, kijana nikampa amri moja: yai halipasuliwi mpaka hela iingie. Amri anaitoa yeye, mimi niko pembeni nakata kabichi, sisikii kitu. Shemeji alininunia mpaka Idi. Siku hizi analipa, tena anaongeza na mshikaki. Laini ya hiyo lipa namba ni ya biashara tu, haipokei salamu wala shida za ukoo. Hata mama yangu hana namba yake, Mungu anisamehe.

Baada ya hapo nikaanza kujilipa. Elfu kumi na tano kila usiku, kama kibarua mwingine yeyote, na ikiisha imeisha. Wanaosema mwenye biashara asijilipe mpaka akue, sijui wao wanakula nini wakati wanakua. Hela ile ndiyo iliyonirudishia ucheshi kibandani, mke wangu ni shahidi.

Jumatatu nafunga. Nilikatazwa sana, lakini kwangu Jumatatu ni siku mbovu, na ndiyo napata nafasi ya kuchagua viazi bila haraka. Ukikuta lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likafura juu, usifurahie ukubwa, fungua gunia katikati. Juu wanapanga vya kuringia.

Makadirio ya kodi ya TRA, mamlaka ya mapato, nendeni na daftari. Langu lina mafuta kila ukurasa, ofisa alilishika kwa ncha za vidole, lakini alilisoma na tukaongea kwa hesabu badala ya kubishana. Kodi nalipa kwa awamu nne kwa mwaka. Inayouma ni ya Desemba, maana inagongana na sikukuu, halafu inakuja Januari na ada za shule ambapo zege hata kumi kuziuza ni kazi. Hiyo naanza kuitenga Oktoba.