Kanuni za Macho, Uhuru wa Sentensi

Anayejijengea mahali pa kuandikia kwenye intaneti hukutana mapema na kanuni ambazo hakuzitunga. Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark, alichapisha kanuni zake 10 za urahisi wa matumizi mwaka 1994, na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, limekuwa likitoa miongozo ya ufikivu, yaani ya kuwawezesha hata wenye ulemavu kutumia tovuti, tangu mwaka 1999. Wapo wanaozishika zote kama amri, na wapo wanaosema kwamba kwako ni kwako, upambe upendavyo. Mimi, kabla ya kuifuata kanuni yoyote, huuliza inamlinda nani.

Miongozo ya W3C inataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake isipungue uwiano wa 4.5 kwa 1. Unaweza kuuona huo kuwa urasimu mtupu, mpaka utoe simu kituoni Kiboriloni saa saba mchana, jua likiwa la utosi, kioo kina ufa na mwanga umepunguzwa ili chaji ifike jioni. Kijivu kilichopauka, ambacho ndani ya ofisi mjini Moshi kilionekana cha kistaarabu, hapo hakionekani kabisa, na msomaji hubaki akikikinga kioo kwa kiganja huku akijaribu kubahatisha maneno. Nakipenda kijivu hicho, lakini siwezi kumtoza mtu macho yake kwa sababu ya pendo langu. Vivyo hivyo picha zisizo na maelezo: programu inayomsomea asiyeona hupita juu yake bila kumweleza kilichomo. Katika haya sioni uhuru wowote wa kutetea.

Uhuru ninaoutetea uko kwenye sentensi. Mwaka 1997 Nielsen aliandika kwamba watu wengi hawasomi mtandaoni neno kwa neno, bali hupitisha macho tu. Ndiyo maana tunashauriwa kufupisha, kukatakata aya na kutanguliza hitimisho. Nakubali kwamba anayetafuta nauli ya basi la Dar es Salaam husoma hivyo, na bei aikute juu kabisa. Lakini mimi huandika kuhusu mifereji ya asili ya Wachagga, na mzee anayeeleza zamu za maji huanza na ukoo uliochimba mfereji, kwa kuwa haki ya kugawa maji ilitokana na jasho la ukoo huo. Ukitanguliza zamu na kuusogeza ukoo chini, umempa msomaji ratiba, naye hatajua kwa nini watu waliiheshimu. Mpangilio huo ndio maelezo yenyewe, kwa hiyo aya zangu nitaziacha ndefu, na atakayechoka aende zake kwa amani.

Kichwa cha habari, hata hivyo, sikiachi kiwe fumbo, na tarehe naiandika kwa jina la mwezi, maana 3/4 huweza kusomwa kwa namna mbili.

Imebaki nakshi ya kitenge niliyoiweka juu ya kila ukurasa. Haimsaidii msomaji kwa lolote, wala sina hoja ya kuitetea zaidi ya kwamba naipenda. Nimeibana iwe nyepesi isile bando la mtu, na hapo ilipo itakaa.