Pikapu za Besi ya Baba Mdogo

Mwishoni mwa mwaka 2012, wakati bendi yetu ya benga, muziki wa magitaa wa Wajaluo, ilipokuwa na mialiko mingi ya matanga na harusi kuanzia Kisumu hadi Ahero, kiongozi wetu alitangaza kwenye mazoezi kwamba mfuko wa bendi ungetoa shilingi 14,000 ili gitaa langu la besi liwekewe pikapu mpya, yaani kile kifaa cha sumaku kinachonasa sauti ya nyuzi. Alilisema hilo kwa nia njema. Tulikuwa tumepata spika kubwa zaidi na kinanda kipya, na kila tulipopiga, gitaa la solo na kinanda vilisikika hadi barabarani ilhali besi ilizama, hasa nilipohamia kwenye nyuzi nyembamba. Juu ya hayo kulikuwa na mvumo usiokoma ambao ulijaza kila nafasi ya kimya kati ya wimbo na wimbo. "Omera," yaani ndugu, aliniambia, "besi hiyo unaisikia wewe peke yako."

Gitaa lenyewe lilitengenezwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata umbo la Precision, gitaa la besi la kampuni ya Fender, na lilikuwa la baba yangu mdogo kabla ya kuwa langu. Alilipiga kwa miaka mingi katika vilabu vya Kisumu, akanikabidhi vidole vyake vilipoanza kukakamaa, na mimi nilijifunza benga juu ya mbao ile ile. Kwa hiyo niliposikia neno "kubadilisha" nilishtuka, ingawa nilijua kwamba mshtuko si hoja, na kwamba bendi ilikuwa na haki ya kudai besi inayosikika.

Pikapu ni vijiti vya sumaku vinavyosimama chini ya nyuzi, vikiwa vimezungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba mwembamba mno, ambayo huitwa koili. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake huitikisa nguvu ya sumaku, umeme mdogo ukazaliwa ndani ya waya, na amplifaya ikaukuza umeme huo. Precision Bass ya Fender ilipotoka mwaka 1951 ilikuwa na pikapu ya kipande kimoja. Mwaka 1957 ilipewa pikapu ya vipande viwili, kimoja kikichukua nyuzi nene za E na A, na kingine nyuzi nyembamba za D na G. Vipande hivyo huungwa kwa mfululizo, koili zake zikazungushwa kinyume na sumaku zake zikaelekezwa kinyume, hivyo kwamba mvumo unaonaswa kutoka kwenye nyaya za umeme za jengo, ambao kwetu Kenya ni mitikisiko 50 kwa sekunde, hujifuta wenyewe huku sauti ya nyuzi ikibaki. Gitaa la baba mdogo lilikuwa na muundo huu wa mwaka 1957, na ndiyo maana mvumo wetu ulinitatiza: pikapu ya aina hiyo haikupaswa kuvuma kiasi kile.

Udhaifu wa D na G ulikuwa jambo zito zaidi katika muziki wetu kuliko ambavyo ungekuwa kwingineko. Besi ya benga haikai nyuma kushikilia mapigo tu. Hurukaruka, humjibu mpigaji wa solo, hukimbia kupanda shingo ya gitaa, na wazee waliokua wakisikiliza Shirati Jazz ya D.O. Misiani huitambua nyimbo nzima kwa mwendo wa besi kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Wengi wao husikia humo nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane, ambayo nyuzi zake nzito huendesha wimbo huku nyembamba zikijibu. Majibu hayo mimi huyapiga kwenye D na G. Zilipofifia, nusu ya mazungumzo ilikuwa imenyamaza.

Kiongozi hakutaka pikapu ya kuingia katika tundu lile lile. Alikuwa amesikia besi ya bendi nyingine iliyowekewa pikapu zinazotumia betri ya volti 9, zenye sauti kubwa na safi, na alitaka hizo. Mimi sikuwa na ubishi kuhusu ubora wake. Shida ilikuwa kwamba vifuniko vyake ni vya mstatili mpana, kwa hiyo tundu lingechongwa upya, na nafasi ya betri ingetobolewa nyuma ya mwili wa gitaa. Pikapu iliyofunguliwa kwa skrubu nne huweza kurudishwa siku yoyote, lakini mbao ikishapitiwa na patasi hairudi.

Nilikwenda Nyalenda, mtaa wa Kisumu, kumwona baba mdogo nikitarajia anitetee. Hakunitetea. Alilichukua gitaa, akalipiga bila amplifaya akiwa ameliegemeza kifuani, kisha akasema, "Mwanangu, hili ni jembe. Mpini ukilegea, tunatia mwingine." Akanikumbusha kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kubadilisha vifunguo vya kukazia nyuzi, na kwamba kile kidaraja cheupe kilichokuwa shingoni alikichonga kwa mfupa wa ng'ombe baada ya kile cha asili kuvunjika. Nani alikuwa amelia wakati huo?

"Baba," nilimjibu, "sikatai kubadilisha. Nataka kujua kwanza kilichoharibika."

"Basi mpelekee fundi. Lakini usimpelekee ili akuambie unachotaka kusikia."

Maneno hayo yalinikaa. Nilipofika kwa fundi wa redio na amplifaya kule Kondele, sikumwambia kwamba gitaa lilikuwa la familia, wala kwamba sikutaka lichongwe. Nilimwambia tu kwamba nyuzi mbili hazisikiki na kwamba kuna mvumo. Aliondoa nyuzi, akafungua bamba la plastiki, akaanza na multimita, kifaa cha kupimia umeme, na nikafurahi kumwona akianza na kipimo badala ya maoni. Ukinzani wa koili ya nyuzi nene ulisoma kiloomu 5.3, wa nyembamba 5.2. Alinieleza kwamba kama waya ungekuwa umekatika ndani, kipimo kisingeonyesha njia yoyote, na kwa kuwa vipande viwili vimeungwa kwa mfululizo, gitaa zima lingekuwa na sauti nyembamba ya mbali, wala si nyuzi mbili peke yake. Nilimuuliza kama sumaku zimechoka, kwa sababu hilo ndilo wapigaji wengi hulisema juu ya magitaa ya zamani. Aliweka ncha ya bisibisi juu ya kila kijiti kwa zamu, naye akaniachia nijaribu. Zote zilivuta kwa nguvu ile ile. Sumaku za aloi ya alumini, nikeli na kobalti hudumu kwa miongo mingi zisipopigwa wala kusogezwa karibu na sumaku kubwa. Kinachoua pikapu ya zamani kwa kawaida ni waya uliokatika au kuliwa na kutu.

Jibu lilikuwa chini ya pikapu. Kila kipande hukalia sponji inayokisukuma juu dhidi ya skrubu, na sponji ya upande wa D na G ilikuwa imegeuka unga mweusi ulionata vidoleni. Unyevu wa ziwa na umri vilikuwa vimeimaliza. Kipande kilikuwa kimezama, na hata skrubu zikifunguliwa hakikupanda, kwa sababu hakikuwa na kitu cha kukiinua. Kwa rula tulipata kama milimita 3 kati ya sumaku na uzi upande wa E, na karibu 6 upande wa G. Umbali huo unatosha kabisa kuumeza uzi. Na mvumo? Waya mwembamba unaotoka kwenye daraja la nyuzi kwenda kwenye kidhibiti cha sauti, ambao huufanya mkono wa mpigaji uliogusa nyuzi kuwa sehemu ya kinga, ulikuwa umefunguka pale ulipolehemiwa. Kidhibiti chenyewe kilikwaruza kwa sababu ya vumbi na kutu.

Fundi alikata sponji mpya, akailehemu ile waya, akakisafisha kidhibiti, na tukainua upande wa G kidogo kidogo hadi nyuzi nne zikalingana. Alinionya nisiikaribishe sumaku kupita kiasi upande wa nyuzi nene, kwani huuvuta uzi na sauti ya juu shingoni ikayumba kama vile gitaa limepoteza tuni. Ndipo nikamuuliza swali la kiongozi: je, pikapu yenye nguvu zaidi isingekuwa bora hata hivyo? Jibu lake lilitegemea aina. Zile za betri hubeba kikuza sauti ndani yake, na kwa hiyo zingekuwa na sauti kubwa na wazi bila shaka. Zile zisizo na betri hupata nguvu kwa kuongezewa mizunguko ya waya, na kila mzunguko unaoongezwa hushusha ule ukali wa juu, hivyo sauti huwa nene lakini yenye giza. Kwangu hiyo ya pili ilikuwa hasara, kwa maana benga inahitaji noti inayokatika haraka na mwanzo wake usikike. Ile ya kwanza ilikuwa faida ya kweli, ila ningeilipia kwa mbao.

Nilirudi kwa kiongozi nikampa hesabu yote, vipimo pamoja na gharama ya fundi ambayo haikufika hata sehemu ya kumi ya fedha alizotenga. Nilimwomba tupige shughuli moja kwanza. Kama besi ingezama tena, ningelitoa gitaa lichongwe bila neno. Alikubali, akaongeza sharti kwamba yeye mwenyewe angesimama nyuma kabisa ya hema kusikiliza, na nikaliona kuwa sharti la haki.

Shughuli hiyo ilikuwa matanga karibu na Ahero. Tulipoanza, kati ya wimbo na wimbo kulikuwa na kimya halisi, na nilipopanda kwenye G kulijibu solo, niliona vichwa vya wazee waliokaa mbele vikigeukia upande wangu. Kiongozi alirudi jukwaani baada ya nyimbo chache akasema fedha zitabaki mfukoni, isipokuwa za seti moja ya nyuzi mpya. Baba mdogo, nilipompigia simu usiku ule, alisikiliza hadi mwisho akasema kwamba yeye bado angeweka zile za betri, na kwamba uamuzi ni wangu kwa kuwa gitaa sasa ni langu.