Kutoka PHP kwenda Go: nilipofika hadi wiki ya 16

Wiki ya 1

Nimeamua. Miaka saba nimekula kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, na sina ugomvi nayo. Imenilipia kodi ya nyumba hapa Morogoro na imemsomesha mdogo wangu. Lakini kazi zinazonijia kwa mlango huo siku hizi ni tovuti za biashara ndogo, na bei inashuka kila mwaka. Kazi ninazozitamani ni mifumo ya malipo na huduma za nyuma ya seva, na matangazo yake mengi ninayoyasoma yanataja lugha nyingine ya programu, Go. Docker na Kubernetes, zana za kuendesha programu kwenye seva, zenyewe zimeandikwa kwa Go, kwa hiyo ukishaingia upande wa seva utakutana nayo tu.

Mazoezi ya vitabuni sitayafanya. Nitaandika upya kitu changu mwenyewe: mfumo unaopokea taarifa za ada zinazolipwa kwa simu katika shule moja ya sekondari ninayoihudumia.

Wiki ya 2

Nimeuchagua mfumo huo kwa sababu una kidonda. Mwaka jana mhasibu alinipigia: "Fundi, kuna mama amelipa, risiti anayo mkononi, lakini mtoto bado anasoma deni." Nikatafuta siku mbili. Mwanafunzi mmoja wa zamani alikuwa na namba 20. Mwingine alikuwa 2E1, yaani kidato cha pili, mkondo E, namba moja. Msimbo wangu ulilinganisha namba hizo kwa alama mbili za usawa. PHP ikiona maandishi mawili yote yanasomeka kama namba, inayageuza namba kwanza ndipo ilinganishe, na 2E1 kwa uandishi wa kisayansi ni 2 mara 10. Ishirini! Ada ya mmoja ikaingia kwa mwenzake.

Alama tatu za usawa zingetosha kuzuia, na kosa lilikuwa langu. Lakini mtoto alikuwa amesharudishwa nyumbani kwa deni ambalo mama yake alishalilipa. Jambo hilo halijanitoka moyoni.

Katika Go maandishi hubaki maandishi. Leo nimejaribu makusudi kulinganisha maandishi na namba, kompaila (inayogeuza msimbo kuwa programu) ikakataa katakata. Nimefurahi kuliko nilivyotegemea.

Wiki ya 4

Kila baada ya hatua mbili naandika if err != nil, yaani "kama kuna kosa". Mkono umechoka. Wengi wanailalamikia tabia hii ya Go, na wiki ya kwanza nilikuwa upande wao. Sasa nimehama. Nilipokuwa nahamisha sehemu inayoandika malipo kwenye hifadhidata, nilihesabu sehemu sita ambapo msimbo wa zamani ulishindwa kimya kimya na kuendelea na safari. Sita, kwenye faili moja! Go ilinilazimisha kusimama kwenye kila moja na kujibu: hapa pakiharibika, tunafanyaje?

Wiki ya 6

Wiki ngumu. Ujumbe mfupi wa kuthibitisha malipo nautuma kwa gorutini, kazi ndogo ambazo Go huziendesha kwa pamoja, ili mmoja usimsubiri mwingine. Kwa majaribio nikaweka namba tano za watu wa nyumbani. Mdogo wangu akapokea jumbe zote tano. Mama, shangazi na wengine, hakuna kitu.

Nilichelewa kulala nikitafuta sababu. Kwenye matoleo ya zamani, kigeu cha kitanzi cha for (kinachoshika namba ya zamu) ni kimoja kwa mizunguko yote, kwa hiyo gorutini zinapoamka zinakuta namba ya mwisho tu. Go 1.22, iliyotoka Februari 2024, ilibadilisha hilo: kila mzunguko una kigeu chake. Nami toleo jipya ninalo! Ila faili yangu ya go.mod, inayotaja toleo la Go la mradi, niliinakili kutoka mfano wa zamani, na mstari wake wa toleo unasema 1.20. Go huuheshimu mstari huo, kwa hiyo mradi wangu ukabaki na tabia ya zamani. Nimeandika 1.22, jumbe tano zimefika kwa watu watano.

Kama unafuata mafunzo ya zamani, anza kutazama mstari huo.

Wiki ya 11

Mfumo umepanda kwenye seva. Zamani nilibeba toleo la PHP, viongezo vyake, na mipangilio ya kila kimoja. Safari hii nimeweka GOOS=linux (kuiambia Go ijenge programu ya Linux) kwenye kompyuta yangu ya Windows, nikajenga, ikatoka faili moja ya megabaiti 11. Nimeipandisha kwa bando la simu, umeme ukiwa umekatika mtaani.

Wiki ya 16

Kazi ya kwanza ya kulipwa kwa Go imepatikana, kwa kampuni ya usafirishaji ya Mombasa. Nitakuwa narekebisha msimbo ulioachwa na fundi mwingine. Niliufungua kwa hofu, kwa sababu misimbo ya kurithi ya PHP imenitesa sana, kila mtu na mwandiko wake. Huu umepita kwenye gofmt, zana ya Go inayopanga msimbo wote kwa mtindo mmoja, kama wangu, na ndani ya saa moja nilijua malipo yanaingilia wapi. Kwa sisi wa kazi za kujitegemea, tunaopokea nyumba zilizojengwa na wengine, naona hilo lina thamani kuliko kasi inayosifiwa.

Shuleni mfumo wa zamani bado unakimbia sambamba na mpya. Kila Ijumaa mhasibu nami tunalinganisha jumla za pande zote mbili. Muhula huu ukifungwa bila tofauti hata ya shilingi, nitauzima ule wa PHP.